Kiganja Juu ya Boneti

Kabla sijampa mkono mwenye nyumba, kiganja changu kilikuwa kimeshatua juu ya boneti ya gari lake, na boneti ilikuwa na homa. Sisemi joto. Joto huletwa na jua, na siku hiyo jua halikuwa limejionyesha Bunia tangu asubuhi. Nasema homa: lile vuguvugu linalotoka ndani kuja nje, ambalo mama hulijua kwa kiganja kabla ya kutafuta kipimo. Mwanangu Orly amenifundisha somo hilo mapema kuliko nilivyotaka. Damu yake ina ugonjwa wa selimundu. Baridi ikimpata, mifupa yake huanza kumuuma, na ni kiganja hiki kinachoamka wa kwanza nyumbani.

"Tangu siku ya Mungu hii gari haijatoka mu lupango," Parrain Lambert, mwenye nyumba, alikuwa akimwambia mume wangu Aimé pale uani, mkono wake umemlalia begani. "Inapumuzika tu. Inangoja batoto yangu."

Lambert ndiye parrain wetu wa ndoa. Kwetu mtu huyo hasimami nawe mbele ya madhabahu siku moja kisha akaenda zake. Yeye na mkewe, marraine, ndio wazazi wa ndoa. Mkigombana mnapelekwa kwao, nao wakishaamua, hakuna pa kukata rufaa. Siku ya harusi yetu alisimama na glasi ya soda mkononi akatuambia mbele ya wageni wote: "Mlango yangu haina saa. Mukikosana, kuyeni, hata kama jua halijatoka." Watu wakapiga vigelegele. Mimi nililia kwa furaha, nikijua nimepata baba wa pili.

Gari lenyewe alilotaka kutuuzia lilikuwa lile la kati, si jeep ya milimani wala si teksi ya mjini, ambalo familia inayoanza kupumua hulitamani. Lilikuwa na milango minne, nafasi ya magunia nyuma, na usukani upande wa kulia kwa kuwa lilipitia Uganda. Lilikuwa limeoshwa mpaka kwenye kope za taa. Matairi yalipakwa mafuta yakang'aa kama viatu vya mwanafunzi siku ya kwanza. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na katika matope ya ua alama mbili za matairi zilitoka langoni hadi chini ya gari, kingo zake bado kali kama mikunjo ya suruali iliyopigwa pasi.

Msimu wa mvua uliopita tulimpeleka Orly hospitalini kwa pikipiki, tumemfunika kwa plastiki katikati yetu, na tulipofika midomo yake ilikuwa imepauka. Tangu siku hiyo sikutaka gari zuri. Nilitaka gari linalowaka.

"Parrain," nilisema, nikirudisha kiganja juu ya boneti, "kapo iko moto."

Aimé alikohoa. Mume wangu ana kikohozi chake cha heshima, kifupi na kikavu. Hukitoa anapotaka mtu mwingine anyamaze bila yeye kulazimika kutamka neno.

"Ni jua, mutoto wangu," Lambert alisema.

"Jua gani, Parrain?"

Alitazama juu kwenye mawingu, akatazama chini, kisha akacheka kwa kifua kizima. "Eh, Aimé! Bibi yako ameingia rulaji? Polisi ya rulaji inasimamisha gari mu njira, huyu anasimamisha mpaka mu lupango ya watu!"

Aimé akacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa uso wa mwanamke mbele ya wazee una mazoea yake na haungoji ruhusa ya mwenyewe. Lakini chini ya kicheko hicho kitu kilikuwa kimekwaruza kiberiti.

Tukaingia kulijaribu. Aimé alishika usukani kama kijana aliyepewa mpira mpya, Lambert kando yake, mimi na Orly nyuma. Tukazunguka mtaa wa Saio, tukapita mashimo na madimbwi, na injini ikaimba vizuri, sitaidanganya. Orly aligundua kitufe cha kioo, akakipandisha na kukishusha na kucheka mpaka nikasahau hasira yangu kwa muda. Kisha nikainama mbele kumfuta pua, nikaona. Kati ya mishale ya mwendo na mafuta, mahali ambapo taa za onyo hukaa, palikuwa na kibandiko kidogo kilichoandikwa "Mungu ni Mwaminifu". Pembeni mwake mwanga wa rangi ya machungwa ulikuwa ukipenya, mwembamba, kama kaa lililofukiwa vibaya kwenye majivu.

"Parrain, iko taa gani chini ya hii karatasi?"

"Hiyo ni neno ya Mungu, Ornella."

"Naona. Lakini chini yake?"

"Weye unataka kubandua neno ya Mungu?" aliuliza taratibu, na safari hii hakucheka.

Aimé alikohoa tena.

Tuliporudi uani Lambert hakutupa nafasi ya kuteremka vizuri. Alitukumbusha kwamba Guelord na Bijou, wale wanandoa aliowasimamia baada yetu, nao walikuwa wakilitamani gari hilo, lakini yeye moyo wake ulitaka watoto wake wa kwanza watangulie. Kisha akavua kofia. "Tufumbe macho." Akamshukuru Mungu kwa kuipa familia hii gari, akaliombea matairi na freni, akamfunga shetani wa ajali. Aimé akaitikia amina kwa sauti ya kanisa zima. Mimi nilibaki macho wazi. Hakuna aliyekuwa amesema ndiyo, na tayari mbingu ilikuwa imearifiwa! Sala ile ilikuwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa aliyeomba. Baada ya amina kama ile, mtu akiuliza swali anaonekana anamhoji Mungu.

Muda wote huo Marraine Angélique alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono kifuani. Ni mwanamke msafi kupita kiasi. Kuku wenyewe hufikiri mara mbili kabla ya kuvuka ua wake. Lakini jioni ile kitenge chake kilikuwa na matope mpaka magotini. Alipoona naangalia, aliingia ndani.

*

"Umeniharibia uso," Aimé aliniambia tulipofika nyumbani. "Unashika kapo ya Parrain sawa unapima malaria ya mutoto!"

"Nilipima. Na iko na malaria."

"Ornella!"

"Aliitembeza mbele ya siye kufika, akairudisha, akapangusa mikono. Juu ya nini muntu apashe gari moto kama inawakaka hata ikiwa baridi?"

"Labda alienda ku soko."

"Alisema haijatoka."

"Basi alisahau."

"Parrain? Mpaka leo anakumbuka jina ya mbuzi uliyopoteza ukiwa mutoto, atasahau gari aliyoendesha leo?"

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akavua kiatu kimoja na kukishika mkononi. Nilimwona akirudi mbali, kule ambako mimi sijawahi kufika naye.

"Weye haujue," alisema mwishoni. "Nilikimbia Bule nikiwa mutoto, na kaptula ya muntu mwingine. Milango mingi ilifungwa. Ni yeye alifungua. Alinipa sahani, alinipa shule, alinipa jina mu kanisa. Leo nimuambie nini? Baba, fungua kapo nione kama unanidanganya?"

Nilimpenda wakati huo, na nilitaka kumtikisa mabega, vyote pamoja. "Usimwambie. Nitasema miye."

"Hapana. Kama hatusikilizane, twende kwake atuamue. Ni vile desturi iko."

Nilicheka, na kile hakikuwa kicheko cha mtu anayefurahi. Mwiko ulinitoka mkononi ukapiga sufuria, na ng'ambo ya ukuta jirani yetu Priscille akapunguza redio ili asipoteze neno. Twende kwake atuamue! Anayeuza ndiye awe hakimu, na shahidi, na mchungaji wa kufunga kikao kwa sala. Miaka niliyokaa kwenye madarasa ya jioni, Orly mgongoni, nikiandika kwa mwanga wa simu, nilijifunza kwamba swali lisilojibiwa huulizwa tena. Hakuna aliyenifundisha la kufanya pale swali lenyewe linapoitwa utovu wa adabu. Ndipo hasira ikanikalisha chini, na nilipokaa nikakumbuka ile glasi ya soda, vile vigelegele, na maneno yake mwenyewe.

Mlango yangu haina saa.

"Sawa," nikasema, nikaokota mwiko. "Umesema kweli. Tutaenda atuamue. Kesho, mbele ya jua kutoka."

Aimé alikiweka kiatu sakafuni. Nadhani alielewa. Nadhani pia alitaka asielewe.

*

Tulifika Saio ukungu ukiwa bado umeshika mabati. Orly alikuwa mgongoni kwangu, kofia mbili kichwani, amelala. Wanawake walikuwa wakipuliza makaa ya kwanza kwenye majiko yao. Gari lilikuwa uani palepale tulipoliacha, na umande umelifunika lote. Nilipopita niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya baridi kama jiwe la mtoni. Gari halikuwa limeguswa.

Lambert alitupokea na koti la suti juu ya kitenge alicholalia. Alikaa kwenye kiti chake, ukutani nyuma yake picha za ndoa zote alizozisimamia, na sisi tukiwa katikati, Aimé mwembamba, mimi nimefumba jicho moja kwa sababu ya mwanga wa kamera. Marraine alileta chai. Mzee alijitahidi kuwa hakimu, lakini macho yake yalikuwa yakienda dirishani na kurudi.

"Ndoa ni kusikilizana," alianza. "Nani anasema wa kwanza?"

Aimé alieleza kwa upole, akazunguka neno uongo kama mtu anavyozunguka shimo barabarani. Kwamba mkewe ana wasiwasi. Kwamba wasiwasi huo umeleta maneno. Kwamba sisi ni watoto na tumekuja kwa baba.

"Na weye, Ornella?"

"Miye sina maneno mingi, Parrain. Naomba tuwashe gari."

"Kwanza tusikilizane."

"Tutasikilizana na gari yenyewe. Ikiwaka, nitapiga magoti hapa hapa, niombe msamaha kwako na kwa bwana yangu."

"Masomo ya jioni hayo," alimwambia Aimé, akitikisa kichwa. "Yanafundisha bibi kubishana mbele ya chai."

"Lambert," alisema Marraine kutoka mlangoni. Alisema jina tu. Lakini sikuwa nimewahi kumsikia akiliita hivyo, bila papa, yaani baba, mbele yake, na mzee akainuka.

Alikaa mwenyewe kwenye usukani. Ufunguo ukazunguka. Gari likakohoa. Likakohoa tena, refu, kama mtu anayetafuta pumzi chini ya mto wa kitanda, likanyamaza. Akajaribu mara nyingine, na nyingine, na kila mara sauti ilikuwa ikififia, mpaka ikabaki tiki-tiki ya saa mbovu. Kwenye dashibodi, pembeni mwa neno la Mungu, mwanga wa machungwa uliwaka kwa utulivu kabisa. Hicho tu ndicho kilichowaka.

"Ni baridi ya asubuhi," Lambert alisema, hatazami mtu. "Aimé, sukuma kidogo. Ikifika ku lango, pale kwa muteremuko, itawaka."

Na mume wangu akaenda. Ndiyo, akaenda! Akapinda suruali yake ya ualimu, akaweka mikono nyuma ya gari na kuegemeza kifua. Sijui kama nimewahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia yeye wakati huo, kuliko hata mzee mwenyewe. Nilimtazama akiteleza kwenye matope, mwalimu mzima anayeheshimiwa mtaa wote wa Shari, nikaona kaptula ya mtu mwingine, nikaona sahani aliyopewa, nikaelewa kwamba angelisukuma gari lile mpaka mwisho wa maisha yake na kuliita shukrani.

Hapo Marraine Angélique aliweka chini birika. Bila kuitwa na mtu, alikunja kitenge mpaka magotini, akavuka ua wake msafi, akasimama kando ya Aimé na kuegemea. Mikono yake haikutafuta pa kushika. Ilienda moja kwa moja mahali pake.

Aimé aliiona mikono ile. Akaacha kusukuma.

"Marraine. Unaisukumaga?"

"Kila asubuhi, mutoto wangu." Alikuwa akihema kidogo. "Na jana, mbele ya ninyi kufika."

"Angélique!" mzee aliita kutoka ndani ya gari.

"Wanunuzi walikuya," aliendelea, kana kwamba aliyeita ni jogoo wa jirani. "Watu ya soko. Wanafikaga asubuhi, wanashika kapo, wanasema washa, kisha wanaenda. Mwisho akaniambia, tuitie batoto yetu. Batoto yetu hawatapima."

Batoto yetu hawatapima. Maneno yale yaliniingia taratibu, na nilipoyaelewa mwili wangu wote ulikuwa kiganja kimoja kinachoungua. Kumbe hakutuchagua kwa sababu ya upendo, wala hakutuchagua licha ya upendo. Alituchagua kwa sababu yake. Wageni hawakumheshimu, kwa hiyo hakuweza kuwadanganya. Heshima yetu ndiyo iliyokuwa boneti iliyofungwa.

Nilikwenda dirishani kwake. Nilitaka kupiga kelele, lakini Orly alikuwa amelala, kwa hiyo nilisema polepole, na sauti yangu ikaniogopesha mimi mwenyewe.

"Parrain. Ulimshika huyu mutoto siku ya ubatizo. Unajua ugonjwa yake. Akishikwa, hana wakati ya kungoja watu wasukume. Ulijua. Ukafumba macho ukaomba, na ulijua."

Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. Bila koti kufungwa vizuri, bila kofia, alionekana mzee kuliko picha zote ukutani. "Ningewaambia kisha," alisema. "Ingekuwa mu familia. Ikiharibika, mungekuya kwangu, tungetengeneza pamoja." Nadhani aliamini alichokisema. Hilo lilinikasirisha zaidi kuliko kama asingeamini. Nilimwonea huruma, na hasira yangu haikupungua hata kidogo. Nilikuwa sijajua kwamba viwili hivyo vinaweza kukaa benchi moja bila kusukumana.

"Aimé," mzee akasema akimtazama kwenye kioo cha nyuma, taratibu sana. "Mutoto wangu. Sukuma."

Marraine alikuwa ameshaondoa mikono yake. Aimé bado alikuwa na yake pale, viganja vimebandikwa kwenye bati lenye umande. Nilimwona akikiangalia kile alichokishika. Kisha akaviinua, kimoja halafu cha pili, kama mtu anayejibandua kutoka kwenye kitu chenye gundi, na gari likarudi nyuma kidogo, likatulia kwenye alama zake lenyewe.

"Hapana, baba," alisema.

Hakuna aliyefunga kikao kwa sala.

*

Tulishika njia ya nyumbani. Ukungu ulikuwa ukiondoka, na upande wa milimani mawingu yalikuwa yakijipanga kwa ajili ya mchana. Hatuna gari. Mvua itakuja, na plastiki yetu ni ileile. Nilipeleka mkono nyuma nikaweka kiganja kwenye paji la uso la Orly: baridi njema, ya mtoto aliyelala. Nyuma yetu, mbali, nilisikia gari likikohoa tena. Lilikohoa, likanyamaza, likakohoa. Halafu likawaka, pengine kwa msaada wa majirani, likaanza kuimba vizuri kabisa, na sauti yake tamu ikatufuata barabara nzima.

"Unaisikia?" nilimuuliza Aimé.

"Naisikia."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, makali, niliyoyapanga usiku kucha kama nguo za kupigwa pasi, na bado ninayo baadhi yake. Lakini alinyoosha mikono akamchukua Orly mgongoni mwangu, akamfunga kwenye koti lake, na viganja vyake vilikuwa na matope na umande.

Tulipofika njia panda, nyumbani ni kushoto. Aimé akakata kulia.

"Tunaenda wapi?"

"Kwa Guelord na Bijou," alisema. "Parrain atawaita leo. Gari iko moto sasa."

Alisema hivyo bila kunitazama, akaongeza mwendo, nami ikabidi nikunje kitenge ili nimfikie. Nyumba yao ni ile yenye mlango wa bluu, mpya bado, rangi haijachubuka hata pembeni. Ndani tulisikia sufuria na kicheko cha Bijou. Aimé alisimama mbele ya mlango, Orly kifuani, akavuta pumzi.

Akakohoa kile kikohozi chake. Kisha akabisha hodi.